Kaniki ya Mama Ilivyoingia Baharini

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili mchana, tumbo limejaa, kalamu imechongwa

Mayo, mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua Nyamizi ameisoma mbio ili afike kwenye habari. Nyamizi mdogo wangu, soma polepole, hii ni barua siyo treni. Na pale nitakapojisifu usiruke hata neno moja. Aliyelamba stempu ni mimi.

Mama, mgongo unaendeleaje? Mvua zimeshuka, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Karanga zimetoka? Na yule mbuzi wa pembe moja, bado anakula nguo kambani? Mimi huku ni mzima kupita kiasi. Nimenenepa mpaka viatu vinalalamika. Ukiniona leo utaniamkia kwanza, halafu ndiyo utauliza huyu bwana ni nani.

Sasa nisikilize vizuri, maana najua kuna mtu amekufikishia habari zangu kabla yangu. Hamisi, mtoto wa jirani yetu, anayefanya kazi ya breki kwenye treni, alipita hapa akanikuta nimekaa barazani siku ya kazi, saa za kazi, nimeshika tama kama mfiwa. Akamwuliza jirani yangu, naye akamjibu kwa sauti ya mnadani: "Shabani? Kafukuzwa! Kazungu kake kamemgundua ni mwongo." Na treni ikapiga honi, Hamisi akaondoka na maneno hayo kuja nayo Tabora kama kifurushi. Nimewaza siku nyingi sura yako ulipoyapokea. Mama, si kweli. Yaani, siku Hamisi anaondoka ilikuwa kweli, lakini sasa si kweli tena. Na kilichoniokoa, hutaamini, ni wewe.

Acha nianzie kwenye mkia.

Kazi yangu ya kubeba mizigo sokoni niliiacha. Sasa mimi ni mtu wa sayansi. Usicheke. Kuna Mzungu mmoja amekuja kuichunguza bahari, mrefu, mwekundu shingoni, na mjini wote tunamwita Bwana Chupa, maana hatembei bila chupa. Kiswahili chake amekisoma kitabuni, kwa hiyo anazungumza kama hati ya kadhi. Alikuja Kariakoo kutafuta mtu wa kumsaidia kazini. Wenzangu waliogopa, wakasema huyu anakusanya pepo. Mimi nikajitokeza kifua mbele: "Bwana, mimi nimesoma, nimesafiri, na chupa nazijua." Akanichukua hapo hapo.

Kila tunapotoka tunaondokea Magogoni, kwenye kivuko, na mashua ya Nahodha Kondo. Kondo ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wetu, na tangu siku ya kwanza hatujaamkiana kwa heri.

"Mnyamwezi," aliniambia mara ya kwanza nilipopanda nikishika kila kitu, "ukianguka majini usiniite. Sikuzoea kuokoa mizigo."

"Na wewe Mzaramo," nikamjibu, "nikifa hutalala kwenye kaburi langu udai upewe kitu ndipo uondoke? Basi niokoe, usije ukalala bure."

Bwana Chupa alidhani tunagombana, akataka kutuamua.

Tukifika nje ya mlango wa bandari, Bwana anachota maji ya bahari, anayatia kwenye chupa za kioo kisafi, anadondoshea dawa kidogo, halafu anazifunga chupa kwenye kamba ndefu na kuzirudisha baharini. Moja inaning'inia karibu na uso wa maji, nyingine chini yake, nyingine chini zaidi, mpaka kule ambako maji yana rangi ya usiku. Juu kabisa kuna kibuyu cha kuelea. Kibuyu nilikitafuta mimi. Nikamwambia, "Bwana, mtu anayetoa maji baharini na kuyarudisha baharini, kwetu tunamwita mganga." Akacheka, akanipeleka nyumbani kwake, akaniinamisha kwenye kioo chake cha kukuzia.

Mama! Kumbe maji ya bahari si maji, ni shamba. Nilitazama tone moja tu, nikaona vimea. Vidogo, jicho tupu haliwezi kuviona hata ungekuwa na macho ya kipanga. Na kila kimea kinaishi ndani ya kijisanduku cha kioo chenye kifuniko chake, kama vile visanduku vya bati wanavyouza hapa sokoni, ila hivi vimetobolewa tundu ndogo ndogo kwa ustadi ambao mafundi wote wa Unguja wakikutana hawauwezi. Vingine vimeshikana mikono kama shanga. Vingine vina umbo la mtumbwi. Jina lake ni dayatomu. Mimi nimelishika siku hiyo hiyo. Kondo mpaka leo anaita "wadudu wa Bwana".

Si wadudu, ni mimea hasa, kama mahindi yako. Ile hewa tunayoitoa puani ina kitu kinaitwa kaboni, na imo mpaka ndani ya maji. Vimea hivi vinaikamata kaboni, na kwa nguvu za jua vinaigeuza kuwa mwili wao na chakula chao. Dagaa wanakula vijidudu vilivyokula vimea, samaki wakubwa wanakula dagaa, na sisi tunawala wote. Bwana Chupa anasema hata kwenye maziwa ya bara vimea hivi vimo. Kwa hiyo dagaa wa Kigoma unaowaunga kwa karanga, mama, ukienda mpaka mwisho wa habari yao utakuta ni mwanga wa jua ulioingia majini.

Sasa ile dawa. Ni kaboni pia, ila imepigwa chapa kama ng'ombe wa mtu. Vimea vikiila, chapa inabaki ndani yao. Tukirudi, Bwana anayachuja maji ya kila chupa kwenye kikaratasi chembamba, na kikaratasi anakiweka chini ya mashine yake. Mashine inahesabu ng'ombe wenye chapa: ta, ta, ta-ta. Ikilia upesi upesi, ujue chupa ile ilikula sana. Ikilia kivivu, ililala njaa. Hapo ndipo Bwana alipotaka kufika: kwenye mwanga mwingi vimea vinakula kiasi gani, kwenye mwanga kidogo kiasi gani, na kila urefu wa kamba una habari gani.

Nami bila kuulizwa nilikwishawapa jibu wazee wa kahawa pale Mtaa wa Msimbazi. Niliwaambia: "Chupa ya juu ndiyo itakayoshinda! Jua ni chakula. Anayekaa karibu na chungu ndiye anayeshiba." Wakatikisa vichwa, wakasema huyu kijana kweli amesoma. Nikaongeza kahawa.

Nyamizi, pumua. Sasa inakuja shida yenyewe.

Kila chupa iliyo uchi ina mwenzake aliyevaa mfuko mweusi, wananing'inia pamoja. Wa mfuko yuko gizani, kwa hiyo hatakiwi kufanya kazi. Anawekwa ili Bwana ajue gizani kinatokea nini, apate kulinganisha. Mifuko aliyokuja nayo kutoka kwao ililiwa na panya. Akanituma Kariakoo nikashonewe mingine, nguo nyeusi, nzito, mikunjo miwili.

Nikaenda kwa Jivan. Huyu ni Mhindi mwenye duka la nguo karibu na soko. Amezaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kinashinda changu na cha Kondo tukivichanganya. Akasema, "Nguo nzito nyeusi imekwisha. Kaniki ipo. Itazame." Akaikunja mara mbili, akaishika juani. Kweli, mama, haikupenya hata nukta ya mwanga. Nyeusi tititi, imekakamaa kwa wanga, inanuka duka. Fundi wake pale barazani akakanyaga cherehani, mifuko ikatoka. Nikaipeleka kwa Bwana, naye akaishika juani, akasema, "Vema."

Basi. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini mimi ni mtoto wako.

Mama, si wewe uliyetufundisha kwamba nguo mpya haiendi kwa watu kabla ya kupita mtoni? Na kaniki ndiyo zaidi. Ukiivaa ilivyotoka dukani, jasho likikutoka unakuwa mweusi mpaka kwapani kama umelala umekumbatia chungu. Nilivyokuona kila mwaka ukiiloweka, ukiipiga, ukiisuuza, ndipo unaivaa! Nikaona haya kupeleka mifuko ya dukani kwenye kazi ya sayansi. Nikaichukua nyumbani, nikailoweka kwenye karai, nikaipiga juu ya jiwe la uani mpaka mikono ikauma, nikasuuza, nikarudia, nikarudia tena. Mfereji wa uani ukawa wa buluu. Mwenye nyumba wangu akachungulia, akauliza nani amechinja shetani hapa. Nikaianika. Ikawa laini, inanukia sabuni, na kwa macho yangu bado nyeusi. Sikumwambia Bwana. Nguo kufuliwa ni habari ya kutangaza?

Tukatoka baharini siku yenye jua la kuchoma utosi. Nikazivalisha chupa zile mwenyewe, nikazifunga, tukazishusha, tukazisubiri, tukazipandisha, tukarudi. Bwana akachuja, akaweka vikaratasi kwenye mashine. Mimi nimesimama mlangoni nasubiri ushindi wa chupa ya juu, iliyo uchi.

Ta. Ta. Ta-ta. Kivivu.

Akaweka mwenzake wa juu, yule aliyevaa mfuko, ambaye alitakiwa awe kimya. Tatatatatata! Kama mvua ya kwanza juu ya bati.

Bwana akakizima chombo, akakiwasha tena, akarudia. Tatatatata. Akajaribu chupa za chini. Kule mambo yalikuwa sawa kidogo: iliyo uchi inalia vizuri, yenye mfuko inanong'ona tu. Ila juu mambo yamekaa miguu juu.

"Shabani," akasema, "chupa iliyo gizani imekula kuliko chupa iliyo juani. Jambo hili haliwezekani. Umezibadili."

"Bwana, haki ya Mungu sikuzibadili."

"Pengine mfuko ulichomoka, ukaurudisha katika chupa isiyo yake, nawe ukaogopa kuniarifu."

"Haukuchomoka, Bwana."

Akaweka kikaratasi chini. "Shabani. Juzi ulinieleza kwamba kwenu ulimshika simba mkia."

Nikatazama viatu vyangu.

"Na kabla ya hapo ulisema umewahi kuendesha treni."

"Treni ilikuwa imesimama, Bwana."

Hakucheka. Akasema kwa huzuni, na huzuni yake ilinichoma kuliko ukali: "Mashine mbovu naweza kuitengeneza. Msaidizi asiyesema kweli siwezi. Nikiandika uongo, wenzangu walio mbali watauamini na kujenga juu yake. Kaa nyumbani. Usije mpaka nikuite." Na namna alivyosema "mpaka nikuite", nikajua hataniita.

Mama, ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusema kweli tupu, bila hata chembe ya chumvi, na ndiyo siku nimekosa wa kuniamini.

Nikamwendea Kondo, maana ndiye tuliyekuwa naye mashuani. Nikamwambia, "Mtani, nenda ukaniapie kwa Bwana." Akaacha mizaha, jambo ambalo kwake ni kama kuvua shati. "Mtani, nakuamini. Unasema uongo wa kuchekesha, huna uongo wa kuiba. Lakini mimi nilikuwa kwenye usukani nimekupa mgongo. Siwezi kuapa kwa jambo nililolipa kisogo." Nikamshukuru kwa hilo. Nikaenda kukaa barazani, na hapo ndipo Hamisi wa treni aliponikuta.

Siku mbili tatu nimekaa hivyo. Hata kwenye kahawa sikwenda, maana wazee wangeuliza chupa gani imeshinda. Mwishowe hasira zikanipanda, na hasira ikikosa mlango hutafuta dirisha. Mfuko mmoja ulikuwa umebaki kwangu, nilikuwa nimeusuuza chumvi. Nikaushika, nikaenda nao dukani kwa Jivan.

"Jivan, kaniki yako imenivunjia nyumba!"

"Kaniki yangu?" Akatoka nyuma ya meza yake kama jogoo. "Kaniki ya duka hili wanavaa wanawake wa Magomeni mpaka wa Morogoro, na haijapata kumwonyesha mtu hata goti! Nipe hapa." Akauchukua mfuko, akautoa nje juani, akaunyoosha kwa mikono miwili. Akaugeuza. Akaunusa. Akaniita. "Shabani. Hii si kaniki. Hii ni chandarua."

"Ni ile ile yako."

"Umeifanya nini?"

"Nimeifua."

"Mara ngapi?"

"Mpaka ikatakata."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Mama yangu ndivyo anavyofanya."

"Mama yako yuko wapi?"

"Tabora."

Jivan akakaa juu ya robota la nguo, akacheka mpaka wateja wakaacha kupatana bei. "Arre! Mwanamke yuko Tabora, anafua nguo Kariakoo!" Halafu akafuta macho, akavaa kofia yake. "Twende kwa huyo Mzungu."

"Mimi nimekatazwa."

"Mimi sijakatazwa. Jina la duka langu limo ndani ya mfuko huo kama jina lako."

Tukaenda. Bwana Chupa alikuwa barazani kwake, uso umempauka. Jivan hakupoteza muda kwa salamu. Akamwambia, "Bwana, kijana hajabadili chupa. Kijana ameosha giza lako." Nami nikaeleza yote, karai, jiwe, sabuni, mfereji wa buluu, na wewe, mama. Sikutia chumvi. Hata nilikuwa nimesahau chumvi inawekwa wapi.

Bwana akauchukua mfuko. Akauchovya kwenye ndoo ya maji, kwa sababu baharini mfuko huwa umelowa. Halafu, mama, akauvaa kichwani! Ukamfika shingoni, maji yanamtiririka, akashuka uani akaelekea jua. Mpishi wake akatoka na sinia la chai, akaona bwana hana kichwa, akarudi ndani na chai yake.

Sauti ikatoka mfukoni: "Naliona jua."

Jivan akanigusa kiwiko.

"Naiona minazi." Akageuka. "Shabani, nakuona wewe. Umesimama kama mshitakiwa."

Akageuka tena akaelekea jua. Alipouvua mfuko, alikuwa na uso wa mtoto aliyeiona ngoma inakuja. "Basi halikuwa giza," akasema. "Kilikuwa kivuli."

Akachukua kijiti, akachora mchangani, na nitakueleza alichochora kwa maana utakielewa kuliko wazee wa kahawa. Ni mstari kama mgongo wa ng'ombe wetu, kutoka mkiani mpaka kwenye nundu na kushuka shingoni. Mkiani ni giza, hapo kazi hakuna. Mwanga ukiongezeka, kazi inapanda. Juu ya nundu vimea vimeshiba mwanga, hata ukiongeza havikamati zaidi. Ukizidisha mno, jua linavipiga, na kazi inateremka. Nikamwambia, "Bwana, huyo ni mama yangu shambani. Alfajiri jembe halioni. Asubuhi analima kama ametumwa na mfalme. Saa saba anakimbilia kivulini, na ukimlazimisha alime atalima vibaya." Akasema ndivyo hasa, akanishika bega. Chupa yangu ya juu iliyo uchi ilikuwa inalimishwa saa saba. Mwenzake alikuwa amevalishwa kivuli nilichokifua mimi. Kule chini, ambako mwanga wenyewe ni haba, kivuli juu ya kivuli kikawa njaa, ndiyo maana walinong'ona.

Akasema alikwishasikia kwa wenzake wa kwao kwamba jua kali linaweza kuvidhuru, ila juu ya jua la huku kwetu hakuwa na hakika, na hakufikiri kulipima kwa kaniki. Kisha akasema, "Shabani, nilikushitaki bila haki. Nawe ulifua bila kunieleza. Tumelingana?" Nikasema tumelingana.

"Lakini," akainua kidole, "maneno hayatoshi. Yangu wala yako. Tutarudi baharini."

Mama, safari hiyo! Fundi wa Jivan alishona usiku na mchana. Tukawa na kaniki mpya ya mikunjo miwili isiyofuliwa, kaniki iliyofuliwa ya mikunjo miwili, na iliyofuliwa ya mkunjo mmoja. Ikawepo na chupa iliyo uchi. Na kwa giza la kweli, chupa moja ikawekwa ndani ya kopo la bati lililopakwa lami. Zote zining'inie juu, urefu mmoja. Jivan naye akaja, kwa heshima ya duka lake, na mwavuli.

"Mhindi na Mnyamwezi katika mashua moja," akasema Kondo. "Leo samaki watapanda wenyewe waje kutazama."

Jivan alikuwa ameinama ubavuni mwa mashua anawarudishia samaki kifungua kinywa chake.

Na sharti lilikuwa hili: mimi nisiguse chupa hata moja. Kondo ndiye afunge, Bwana ndiye ashushe. Mimi nikae. Basi nilikalia mikono yangu, mama, kweli kweli, niliikalia, mbele ya macho yao, tangu kwenda mpaka kurudi. Kondo kila akifunga fundo ananionyesha: "Umeona, mpagazi? Hivi ndivyo watu wanavyofunga." Nikavumilia. Kwa mara ya kwanza nilitaka jambo liwe kweli bila mimi kulisaidia.

Tukarudi. Bwana akachuja. Tumejazana kwenye chumba cha mashine, Jivan bado anayumba kama yuko mashuani, Kondo kavua viatu kama yuko msikitini. Kopo la lami: ta... ta... kama matone ya paa mvua ikiisha. Kaniki mpya: zaidi kidogo tu. Chupa iliyo uchi: ta-ta, ta-ta, ya mtu aliyechoka. Nikafumba macho. Kaniki iliyofuliwa.

Tatatatatatatata!

Kondo akapiga ukelele ambao nadhani mmeusikia huko. Jivan akanikumbatia, na Bwana Chupa akacheza, mama, Mzungu mzima akacheza, vibaya sana, miguu haijui mikono inafanya nini. Ile ya mkunjo mmoja nayo ikalia hivyo hivyo karibu sawa. Wakati wote huo mimi nimesimama tu natabasamu, nimesahau hata kusema neno. Kondo akaniangalia, akasema, "Bwana, mtibu haraka. Mnyamwezi amenyamaza."

Tangu hapo tumerudia mara nyingi, maana Bwana anasema siku moja si shahidi. Juzi kulikuwa na wingu zito kutwa, na unajua nani alishinda? Aliye uchi! Jua likiwa pole, hahitaji kivuli, anahitaji kila mwanga anaoupata. Nilitaka kukimbia mpaka stesheni nikupigie simu, nikakumbuka huna simu. Nimekwenda pia kwa wazee wa kahawa, nikawaambia nilikosea, chupa ya juu haikushinda. Walishangaa zaidi kwa hilo kuliko kwa vimea.

Salamu zangu mpe mjomba mfuga nyuki, mwambie mizinga anayoitundika mitini mimi naitundika baharini. Mpe shangazi, yule aliyesema mjini nitaishia jela. Mpe kaka mkubwa, na mkewe, na mtoto wao niliyeambiwa ana masikio yangu, Mungu amsaidie. Wewe Nyamizi, umesoma vizuri, nimekusikia mpaka huku. Hamisi wa treni akifika mwambieni habari aliyoileta airudishe ilikotoka.

Lakini nafunga na hii, mama. Ile kaniki iliyofuliwa ilikosa jina. Kwenye kazi yetu kila chupa huwa na herufi yake, lakini Kondo hajui kusoma, akaanza kuniambia, "Nipe ile ya mama yako." Kisha ikawa, "Nipe Mama." Sasa hata Bwana Chupa, asubuhi akikaa kwenye mashua na saa yake, anauliza kwa kile Kiswahili chake cha kadhi: "Je, Mama ameshuka?" Nami najibu, "Ameshuka, Bwana, yuko vizuri." Wewe ambaye hujapata kuiona bahari, mama, kila tukitoka wewe ndiye unayetangulia kuingia.

Nimempa Hamisi kaniki mpya akuletee, kutoka kwa Jivan, nyeusi tititi. Sijaifua. Kazi hiyo nimemwachia mwenyewe.

Mwanao anayekupenda, na safari hii aaminiwe,
Shabani